Jinsi ya kutengeneza kichwa cha roboti kinachokuiga bila kukuudhi

Wale mnaochezea Arduino (ule ubao mdogo wa elektroniki unaouprogramu mwenyewe) njooni hapa. Wengi wakitaka roboti "yenye hisia" wanabandika skrini yenye emoji inacheka, afu wanashangaa mtu kaiangalia dakika moja kachoka. Watu wanavutwa na kitu kinachowajibu. Kismet, kile kichwa alichotengeneza Cynthia Breazeal pale chuo cha MIT, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990, kilikuwa vyuma vitupu na midomo myekundu, hakielewi hata neno moja, kinasikiliza tu sauti kama unakibembeleza au unakigombeza, na bado watu walikuwa wanaongea nacho kama mtoto mchanga.

Tafuta Arduino Uno, sevo 3 ndogo za SG90, yaani vimota vinavyogeuka kwa pembe unayoitaka (mbili za nyusi, moja ya kulaza kichwa pembeni), laptopu yenye kamera na boksi la viatu. Nyusi ni vijiti vya aiskrimu umevipaka wino mweusi, basi. Wengi wanakwama kwenye umeme: usiutoe kwenye pini ya 5V ya ubao, sevo tatu zikivuta pamoja ubao unajizima na kuwaka upya, utakesha unatafuta kosa kwenye programu bure. Tumia chaja ya simu ya 5V 2A, na graundi yake (waya hasi) uiunge na graundi ya ubao, usipounga sevo zitatetemeka kama zina homa.

Kusoma uso tumia MediaPipe, programu ya Google ya kutambua uso kwenye kamera, inakupa nukta zaidi ya 400 za usoni. Usihangaike kutafuta "furaha" na "huzuni", pima tu umbali wa ncha ya ndani ya nyusi mpaka kwenye jicho, ugawanye kwa umbali kati ya macho mawili, la sivyo ukisogelea kamera roboti inadhani umeshtuka. Na kabla ya kuanza kaa sekunde 5 na sura ya kawaida ihifadhi vipimo, maana kuna watu nyusi zao ziko juu tangu kuzaliwa.

Sasa kuiga kwenyewe. Sevo isiruke, kila programu ikizunguka mara moja isogee sehemu moja ya tano ya umbali uliobaki. Nyusi zijibu haraka, kichwa ndo kichelewe. Mwaka 2005 watafiti Bailenson na Yee waliwavalisha watu miwani ya VR (inayokuonyesha dunia ya kompyuta), mhusika wa kompyuta akawa anaiga kichwa cha msikilizaji baada ya sekunde 4, wengi hawakushtukia na akawashawishi kuliko yule aliyechezeshwa rekodi ya mtu mwingine. Mi ya kwangu ya kwanza ilikuwa inaiga palepale, mdogo wangu akalaza kichwa huku, ikalaza, akalaza kule, ikalaza, akanuna: "kaka, hii si inanikejeli?" Nikaweka sekunde 4, tena sio kila mara, kesho yake nikamkuta anaisimulia mambo ya shule.

Hasira usiiige kabisa. Mtu akikunja nyusi na yenyewe ikikunja mshakuwa na ugomvi, we ipandishe ncha za ndani za nyusi, ionekane inakuonea huruma.

Na mtu akitoka mbele ya kamera irudishe sura ya kawaida taratibu. Mi nilisahau, ikabaki imeshangaa usiku kucha pale sebuleni, mama akaamka kunywa maji, asubuhi nimeikuta imefunikwa khanga.