Kanda za zamani za tamthilia za televisheni: jinsi ya kujua ipi ina thamani

Kanda nyingi za VHS za tamthilia zilizotolewa na studio hazina bei ya maana. Zilizalishwa kwa wingi, na tamthilia hizohizo zikaja kutolewa kwenye DVD zikiwa na picha safi zaidi. Habari za minada zisikupumbaze: kanda ya Back to the Future iliyouzwa dola 75,000 mwaka 2022 ilikuwa ya filamu, haikuwahi kufunguliwa, na ilitoka mikononi mwa mmoja wa waigizaji wake. Kwa tamthilia, anza kwa kuuliza kama kilichomo kinapatikana kwingine.

Kama hakipatikani, endelea. Zinazotafutwa ni tamthilia ambazo hazikuwahi kuingia kwenye diski, na zile zilizoingia zikiwa zimebadilishwa. WKRP in Cincinnati, tamthilia ya vichekesho ya Marekani kuhusu kituo cha redio, ni mfano mzuri: ilirushwa na televisheni ya CBS kuanzia 1978 hadi 1982, lakini diski za msimu wa kwanza za mwaka 2007 zilibadilishiwa nyimbo nyingi kwa sababu ya haki za muziki. Kanda iliyorekodiwa nyumbani wakati ule, inayodharaulika kwa macho, ndiyo yenye nyimbo zenyewe. Tena ina matangazo ya biashara na vipande vya habari, ambavyo wako wakusanyaji wanaovitaka kuliko tamthilia yenyewe. Kwa hiyo usitupe kaseti yenye maandishi ya kalamu kabla ya kuiangalia hadi mwisho.

Seti zilizouzwa kwa usajili wa posta, kama za Columbia House, hupanda bei zikiwa kamili. Hakikisha hakuna inayokosekana, maana seti yenye pengo hununuliwa kwa bei ya kaseti mojamoja.

Bei itafute kwenye orodha ya vilivyokwisha kuuzwa, kamwe si kwenye bei anayoitaka muuzaji. Linganisha kanda za mfumo mmoja wa picha (NTSC, kama wa Marekani, au PAL, wa nchi nyingi za Ulaya na Afrika): ya NTSC haitaonyesha sawasawa kwenye deki ya PAL peke yake, hivyo wanunuzi wake ni wengine.

Sasa ikague, na usiitie kwenye deki bado. Tazama kupitia dirisha la plastiki. Vumbi jeupe au madoa yenye manyoya juu ya utepe uliozungushwa ni ukungu. Ukiicheza, utachafua hedi za deki (vichwa vinavyosoma utepe) na kila kanda itakayofuata. Ifunge kwenye mfuko peke yake. Kama hakuna ukungu, bonyeza kitufe kidogo ubavuni na uinue kifuniko cha mbele. Kingo za utepe ziwe zimenyooka. Mkunjo kwenye ukingo wa chini huharibu alama za mwendo, na picha hucheza na kupotea. Mkunjo wa juu hula sauti ya kawaida. Ili kuona sehemu zaidi, ingiza penseli kwenye tundu la katikati upande wa chini kuachia breki, kisha zungusha magurudumu kwa kidole.

Angalia pia kijipande cha kuzuia kurekodi kwenye mgongo wa kaseti. Kanda za studio hutoka bila kijipande hicho. Ukikuta tundu lake limezibwa kwa karatasi yenye gundi, kuna uwezekano mkubwa mtu amerekodi juu yake, na lebo nzuri haibadilishi hilo.

Kasi nayo ina uzito. Kaseti ya T-120 ya NTSC hubeba saa 2 kwa SP (kasi ya kawaida) na saa 6 kwa EP (kasi ndogo), na EP ina picha dhaifu zaidi. Kanda za bei rahisi za studio mara nyingi zilitolewa kwa kasi hii ndogo ili kuokoa utepe. Mwambie mnunuzi mapema.

Ikiwa utepe umechomoka kwenye gurudumu, fungua skrubu 5 za chini kwa bisibisi ya nyota, kaseti ikiwa imelala kifudifudi, halafu uigeuze taratibu kabla ya kuinua nusu ya juu, la sivyo springi zitaruka. Utepe uliokatika uunge kwa kipande cha utepe maalumu wenye gundi wa kuungia tepe za video, upande wa nyuma. Seloteipu huvuja gundi na kuziba hedi. Baada ya kuunga, nakili mara moja na uiache, kwa sababu kiungo kinaweza kukwaruza hedi.

Ambayo haijafunguliwa usiifungue. Lakini plastiki inayong'aa kama mpya juu ya kava lililochakaa pembe ni dalili kuwa imefungwa upya. Tafuta nembo ya studio kwenye plastiki yenyewe pale studio ilipoitumia.

Hifadhi wima, ikiwa imerudishwa nyuma hadi mwanzo, mahali pakavu na mbali na spika zenye sumaku kubwa. Joto la nyuzi 18 hadi 20 linafaa. Deki nazo zinaadimika: Funai, mtengenezaji wa mwisho anayejulikana, aliacha mwaka 2016, kwa hiyo deki nzima ni sehemu ya mkusanyo.

Ukiuza, uza kaseti yenyewe tu. Nakala zake zina haki za mwenye kazi. Kwenye tangazo andika mfumo, kasi, hali ya kijipande na kama umeicheza yote, na weka picha ya utepe kupitia dirisha pamoja na ya kava pande zote sita.