Kuunganisha kompyuta, projekta na risiva: picha ipitie kwenye risiva

Wengi huchomeka kompyuta moja kwa moja kwenye projekta, kisha wanavuta waya wa hedifoni kutoka kwenye laptopu hadi kwenye risiva. Sauti inatoka, lakini ni ya kushoto na kulia tu, na mara nyingi inavuma chaja ikiwa imechomekwa. Fanya hivi badala yake: kebo moja ya HDMI, inayobeba picha na sauti pamoja, itoke kwenye kompyuta iingie kwenye risiva, nyingine itoke kwenye risiva iende kwenye projekta. Nikisema risiva ni ile ya sauti inayoendesha spika, si ya dishi.

1. Chomoa kila kitu kwenye umeme. Funga waya za spika, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi. Ukigeuza waya za spika moja tu, besi inapungua. Nyuzi za shaba zisigusane nyuma ya risiva, zitaizima au kuiunguza.

2. Kebo ya kompyuta iingie HDMI IN ya risiva, ya projekta ichomekwe HDMI OUT. Hii ya projekta ndiyo ya kugharamia, maana projekta iko darini na kebo ni ndefu. Kebo ya shaba ikikaribia mita 10, picha ya 4K (yenye ubora wa juu sana) huanza kukatika au kurusha nukta nyeupe. Kwa umbali huo nunua HDMI ya faiba. Ina mwelekeo: ncha moja ni ya risiva, nyingine ya projekta, na ukizigeuza hupati picha. Tafadhali ijaribu ikiwa sakafuni kabla ya kuipitisha ukutani.

3. Washa projekta, halafu risiva, kompyuta iwe ya mwisho. Kwa rimoti ya risiva chagua tundu ulilotumia. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague "Second screen only".

4. Hapa kwenye sauti ndipo wengi hukwama. Bofya alama ya spika kwenye kompyuta uchague jina la risiva. Kisha bonyeza Windows na R, andika mmsys.cpl, bofya risiva, halafu Configure. Kama una spika tano na sabufa, chagua 5.1. Jaribu spika moja moja, usikilize kama kila moja inalia mahali pake. Ukiiruka hatua hii, kompyuta inaweza kuendelea kutuma sauti ya pande mbili, nawe utalaumu spika za nyuma bure.

5. Sauti ikitangulia midomo, projekta inachelewa kuchakata picha. Tafuta Lip Sync au Audio Delay kwenye menyu ya risiva, uongeze milisekunde kidogo kidogo huku ukimtazama mtu anayezungumza.

Filamu ya 4K ikigoma kuonekana wakati vitu vingine vinaonekana, angalia HDCP 2.2, yaani ulinzi dhidi ya kunakili filamu unaopita kwenye HDMI: kompyuta, risiva na projekta vyote lazima viwe nayo. Risiva ikiwa ya zamani, shusha ubora wa picha hadi 1080p.

Ukimaliza kutazama, zima projekta ya taa kwa rimoti na usiichomoe mpaka feni isimame yenyewe.