Kabla hujaunganisha wingu na barua pepe ya simu, hesabu kwanza karatasi za watu

Pale mwaloni Kirumba, Mwanza, kila mzigo wa dagaa unaondoka na karatasi zake: kibali cha kusafirisha mazao ya uvuvi, risiti, kopi ya kitambulisho cha mnunuzi, leseni ya dereva, namba ya gari. Mimi ndiye ninayezipiga picha karatasi hizo na kuzitunza kwenye hifadhi ya wingu, yaani mahali pa kuwekea faili kwenye intaneti. Biashara ni ya mamdogo wangu, nami namsaidia upande wa ofisi.

Msimu uliopita tulimwekea mamdogo programu mpya ya barua pepe kwenye simu. Ikamuuliza kama angependa kuiunganisha na hifadhi yake ya wingu, asihangaike kupakua faili kabla ya kuzituma. Akabonyeza kuruhusu. Siku ya tatu mnunuzi wake wa Goma, Kongo, akapiga simu: "Mama, bei yangu nimeiona, asante. Lakini mbona naona na bei za wenzangu wote, na vitambulisho vyao?"

Alichotumiwa hakikuwa faili. Ilikuwa linki, tena ya folda nzima. Mamdogo alikaa juu ya gunia, simu mkononi, akaniuliza, "Mwanangu, hawa watu nitawaambia nini?" Walikuwa 11. Tangu siku ile, mtu akitaka kuunganisha vitu hivi viwili namwomba kwanza afanye mambo haya, na la kwanza ndilo zito kuliko yote.

Fungua hifadhi yako uone kilichomo. Usikisie. Tafuta kompyuta yenye skrini kubwa, tenga jioni moja, pita folda moja baada ya nyingine. Sisi tulidhani mle mna karatasi za dagaa tu. Tukakuta hati ya kiwanja cha Ilemela, kadi ya kliniki ya mtoto wa ndugu, picha za daftari la wadaiwa zenye majina na namba za simu, na kopi za vitambulisho vya Taifa za watu ambao hatufanyi nao biashara tena. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha Taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo hata kipande cha karatasi chenye namba hiyo peke yake kinamtaja mtu kuliko unavyofikiri. Angalia pia kama simu inapakia picha zenyewe. Ukiwa umewasha upakiaji wa picha wa hifadhi za wingu kama Dropbox au OneDrive, kila unachopiga kinaingia humo humo, pamoja na karatasi ya mtu uliyoipiga mara moja ukasahau.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa neno "hifadhi yangu" linatudanganya. Akaunti ni ya mamdogo, lakini nusu ya kilichomo ni cha watu waliomwachia karatasi zao kwa sababu wanamwamini. Akibonyeza kuruhusu, anaruhusu kwa niaba yao, na wao hawajui.

Tukishajua kilichomo, tunarudi kwenye ule ukurasa wa ruhusa. Wengi tunaupita haraka kwa sababu bando linakwisha na mteja amesimama mbele yetu. Usome. Kuna programu zinazoomba kuona, kuhariri, kuunda na kufuta faili zako zote za Hifadhi ya Google, na kuna zinazoomba zile faili tu utakazozichagua mwenyewe. Dropbox nako iko hivyo: programu inaweza kupewa folda yake peke yake au ikapewa kila kitu. Kazi ya kuambatisha risiti moja haihitaji uwezo wa kufuta faili zote. Nikikutana na ombi la namna hiyo huwa nakataa, kisha napakua ile faili moja na kuituma kwa njia ya zamani. Ni dakika mbili tu.

Ukikubali, programu haipewi nenosiri lako. Inapewa tokeni, kama mtu aliyechongewa ufunguo wake. Kwa hiyo kubadili nenosiri peke yake kusikutulize. Ufunguo ule unaweza kuendelea kufungua. Kuifuta programu kwenye simu nako hakuurudishi. Unaondolewa kwenye akaunti yenyewe: kwa Google, ingia sehemu ya Usalama, tafuta orodha ya programu ulizoziunganisha, ondoa usizozitumia. Ijue njia hiyo kabla hujaunganisha chochote, siyo siku umeibiwa simu.

Kuna swali ambalo wachache huuliza: barua zangu zinapita wapi? Programu nyingine huzichukua moja kwa moja kutoka kwa mtoa huduma hadi kwenye simu yako. Nyingine huzipitisha kwanza kwenye seva, yaani kompyuta, za kampuni iliyotengeneza programu, ndipo upate taarifa ya haraka kwamba barua imeingia. Mwaka 2015 Microsoft ilipotoa Outlook ya simu, iliyotokana na programu ya Acompli waliyoinunua mwishoni mwa 2014, ilibainika kwamba taarifa za kuingilia kwenye akaunti zilikuwa zikitunzwa kwenye seva, na Bunge la Ulaya likazuia programu hiyo isitumiwe na watu wake. Programu imebadilika sana tangu hapo. Namna ile ya kufanya kazi, hata hivyo, bado ipo kwa wengi, na sera ya faragha husema wazi ukiitafuta sehemu inayotaja seva. Na kama kisanduku cha nenosiri la wingu kinatokea ndani ya programu ya barua pepe yenyewe badala ya ukurasa wa mtoa huduma wa wingu, usiandike kitu.

Sasa lile lililotuumiza: faili au linki? Vitu hivi viwili kwenye skrini vinafanana, kila kimoja kina jina na alama ya karatasi. Ukiambatisha faili, kopi imeondoka na huwezi kuirudisha. Ukituma linki, karatasi inabaki kwako na mwenzako anapewa mlango. Mlango huo ukiwa wa "mtu yeyote aliye na kiungo", basi yeyote atakayetumiwa kwenye WhatsApp ataingia, hata awe nani. Gmail yenyewe hugeuza kiambatisho kinachozidi MB 25 kuwa linki ya Hifadhi ya Google, kwa hiyo hata usipochagua linki unaweza kujikuta umeituma.

Jaribu kwanza mwenyewe. Jitumie barua, halafu ifungue kwenye simu ya mtu mwingine ambayo haijaingia kwenye akaunti yako. Kile kinachoonekana pale ndicho atakachokiona mteja. Ukiona mshale wa kurudi nyuma unaokupeleka kwenye folda yenye faili nyingine, simama hapo hapo. Tungefanya jaribio hilo, simu ya Goma isingepigwa. Siku hizi karatasi yenye kitambulisho tunaitoa kwa anwani ya mtu mmoja aliyetajwa, na akishamaliza kazi nayo tunamwondoa.

Ushauri mwingine ninaousimamia sana ni kufungua akaunti ya pili. Google inatoa GB 15 bure, zinazogawanywa kati ya barua, faili na picha, na kwa karatasi za biashara ndogo hizo zinatosha kwa muda mrefu. Akaunti hiyo ndiyo iunganishwe. Hati za kiwanja, kadi za kliniki na picha za familia zibaki kwingine, ambako programu ya barua pepe haina mkono.

Simu yenyewe nayo: iwe na namba ya siri, uthibitishaji wa hatua mbili (nenosiri halafu uthibitisho wa pili) uwashwe, taarifa za barua zisionyeshe maandishi skrini ikiwa imefungwa. Ukiipeleka kwa fundi kubadilisha kioo na akakuomba namba ya kuifungulia, ondoa akaunti kwanza. Faili ulizozifungua ndani ya programu huweza kubaki kwenye simu hata bila intaneti.

Na iko sheria. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume iliyoundwa chini yake inasajili wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Ina masharti pia juu ya kupeleka taarifa hizo nje ya nchi. Mfanyabiashara anayeshika kopi za vitambulisho vya wateja asidhani haya yanawahusu benki na kampuni za simu peke yao.

Baada ya simu ile ya Goma tulifunga linki, tukaondoa tokeni, tukamwomba yule mnunuzi afute alichopakua, naye akakubali. Kisha mamdogo akawapigia wale 11, mmoja mmoja, yeye mwenyewe, hakunikabidhi mimi. Wengi walimshukuru. Dereva mmoja wa Geita akasema anaomba kopi ya leseni yake ifutwe kabisa. Tuliifuta siku hiyo hiyo, tukaingia na kwenye tupio kuifuta tena, maana faili iliyofutwa hukaa humo siku 30, kisha mamdogo akampigia tena kumwambia imeondoka.