Kuhamishia mche shambani Dodoma: mvua ipi ya kusubiri

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukatika Aprili, kisha ni ukavu hadi msimu mwingine. Kupona kwa mche hapa hutegemea mizizi itakuwa imeshuka kina gani mvua zitakapokatika, kuliko urefu wake siku ya kupandwa.

Usikimbilie mvua ya kwanza. Mara nyingi hulowesha juu tu, kisha jua likarudi kwa siku kadhaa. Chimba kidogo kwa jembe: unyevu ukifika sentimita 30 kwenda chini, panda. Kwa kawaida ni kati ya katikati ya Desemba na katikati ya Januari. Anayepanda mwisho wa Februari ameupa mche wiki sita au saba tu, na huo atalazimika kuumwagilia kiangazi chote.

Mashimo yawe tayari kabla ya mvua, sentimita 60 kila upande kwa miti ya matunda. Udongo wa juu weka kando, uchanganye na debe moja la samadi iliyooza, ndio urudi kwanza shimoni. Samadi mbichi huunguza mizizi, tena huita mchwa.

Wiki tatu au nne kabla ya kuhamisha, punguza kivuli na maji kitaluni kidogo kidogo, na ukate mizizi iliyopenya chini ya viriba, yaani vifuko vya plastiki vinavyooteshewa miche. Chagua mche wa sentimita 30 hadi 45 ambao shina limeanza kukomaa. Mrefu wa mita moja kwenye kiriba kidogo unapendeza machoni, lakini mizizi yake imeshajizungusha. Tusingeuchukua hata kwa bei ya chini.

Siku ya kupanda, mwagilia miche asubuhi, panda jioni au kukiwa na mawingu. Chana kiriba kwa wembe na ukiondoe chote. Kutoboa kitako pekee hakutoshi: mizizi hubanwa humo na mti hudumaa. Shika bonge la udongo, usishike shina, kwa maana bonge likivunjika mizizi midogo hukatika na majani hunyauka. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ilingane na uso wa ardhi. Mwembe uliobebeshwa, yaani uliounganishwa kikonyo cha mwembe mwingine, kiungo kibaki juu kabisa ya udongo. Shindilia kwa mikono, acha kisahani cha kushika maji kuzunguka shina, na upande wa bondeni inua tuta la nusu mwezi lizuie maji. Kisha mwaga lita 10 hadi 20, hata kama mvua imenyesha jana.

Maotea ya mwarobaini yanayoota chini ya mti mama yanafaa pia, ila yasing'olewe kwa mkono. Yachimbe yakiwa mafupi, udongo ukiwa umelowa, pamoja na bonge, kwani mzizi mkuu hushuka haraka. Ukikatika, punguza nusu ya majani.

Tandaza nyasi kavu, ziwe mbali na shina kiasi cha kiganja, maana mchwa hujificha humo na kutafuna gome. Mvua ikisimama Februari, mpe kila mche lita 10 kwa wiki. Uzio wa miiba ya mgunga uwe umesimama kabla mavuno hayajaisha, kwa sababu mbuzi wakifunguliwa kwenye mabua hawabagui mche.