Biashara yako ionekane Google kabla hujalipia tangazo

Fundi friji mwenye wafuasi kibao Instagram anaweza kukosa kazi ya mtaa wa pili. Mtu ambaye friji lake limezima usiku na samaki wamejaa ndani hana muda wa kuangalia picha. Anaandika "fundi friji Sinza" kwenye simu, anampigia wa kwanza mwenye nyota za kuridhisha na namba inayopatikana. Kujiweka pale, kwa ukurasa wa biashara wa Google (Google Business Profile), ni bure. Kazi yangu ni kuwasaidia wenye maduka, saluni na mafundi wa Dar kufanya hivyo, na utaratibu ninaoufuata ndio huu. Mfano ni fundi friji. Wewe weka cha kwako.

Hatua ya 1: Jitafute

Fungua Google Maps, andika jina la biashara yako. Usishangae ukijikuta. Mtu yeyote anaweza kuongeza mahali kwenye ramani, na huenda mteja alishakuweka siku nyingi. Ukijikuta, usifungue ukurasa mwingine. Bonyeza pale panapouliza kama biashara ni yako, udai umiliki. Kurasa mbili za duka moja hugawana maoni, na mteja hajui apige namba ipi.

Kama ukurasa unashikiliwa na mtu mwingine (mara nyingi ni kijana aliyewahi kukufanyia "mambo ya mtandao" kisha akabadili laini), omba umiliki hapo hapo. Google humpa siku 3 za kujibu. Usipokuwepo kabisa, ingia business.google.com uanze upya, kwa Gmail ambayo nywila yake unaijua wewe mwenyewe. Siyo ya mpwa.

Hatua ya 2: Jina na aina ya biashara

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Jina ni lile lililoandikwa kwenye bango la duka, basi. "Fulani Friji" inatosha. "Fulani Friji Fundi Bora Bei Nafuu Dar" inakiuka masharti ya Google, na mshindani wako akiripoti, ukurasa unaweza kusimamishwa pamoja na maoni yote uliyoyahangaikia.

Nguvu ya maneno iko kwenye aina ya biashara. Unachagua aina moja kuu, na unaweza kuongeza nyingine hadi 9. Ile kuu iwe mahususi: utengenezaji wa friji, siyo duka la vifaa vya umeme. Ukikwama, tafuta huduma yako kama mteja, uwaangalie watatu wanaotokea juu. Aina waliyochagua imeandikwa chini ya majina yao. Maelezo ya biashara yana nafasi ya herufi 750, lakini usiyatolee jasho. Sentensi mbili tatu za kueleza unachofanya na unakofika zinatosha.

Hatua ya 3: Mahali

Sogeza alama ya ramani kwa kidole hadi mlangoni pako. Usiiache ilipoangukia, maana mara nyingi huangukia barabara kuu. Kama nyumba yako ilipata namba kwenye operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, andika namba na jina la mtaa kama vilivyo kwenye kibao. Huna duka, unawafuata wateja majumbani? Ficha anwani, utaje maeneo unayohudumia: Sinza, Mwenge, Kijitonyama.

Na usidanganywe na anayekuahidi kukuweka wa kwanza Dar nzima. Google yenyewe inasema inapima mambo matatu: unavyoendana na kilichotafutwa, umbali kutoka kwa anayetafuta, na unavyojulikana. Umbali huwezi kuununua.

Hatua ya 4: Uthibitisho kwa video

Siku hizi Google mara nyingi inataka video, na hapa watu wengi hurudishwa. Irekodi mfululizo bila kukata, kwa simu ile ile uliyoingilia akaunti. Anzia nje: onyesha mtaa, kibao cha namba, duka la jirani. Njoo kwenye bango lako, ukaribie hadi jina lisomeke. Kisha fungua mlango kwa ufunguo, mkono wako ukionekana, uingie ndani uonyeshe vifaa vya kazi: mtungi wa gesi, geji, kompresa iliyofunguliwa mezani. Malizia na leseni ya biashara ukutani. Kile kitendo cha kufungua mlango ndicho kinachoonyesha kwamba wewe si mpita njia. Sura za watu hazihitajiki, wala usionyeshe namba za benki. Majibu yanaweza kuchukua hadi siku 5 za kazi.

Hatua ya 5: Saa, simu, picha

Andika namba kwa +255. Weka saa za kweli, na uzibadilishe Ramadhani na sikukuu. Picha piga za kazi zako mwenyewe. Mteja anaijua picha ya kuokota mtandaoni.

Hatua ya 6: Maoni

Omba siku ile ile kazi ilipoisha, friji likiwa limeanza kugandisha. Ukurasa wako una kiungo maalumu cha maoni: mtumie mteja kwa WhatsApp, au chapisha msimbo wake wa QR uubandike kaunta. Kumpa mtu punguzo ili aache nyota ni marufuku. Akitokea wa kukulaumu, jibu kwa upole mistari miwili, mwite mkayamalize kwenye simu. Wanaosoma jibu lako ni wateja wa kesho.

Hatua ya 7: Tovuti au blogu, kama unayo

Zile tovuti za bure zilizoishia na business.site Google ilizifunga Machi 2024, kwa hiyo ziondoe kwenye kadi zako. Kama una tovuti yako, kichwa cha ukurasa wa kwanza kisiwe "Karibu". Kiwe "Fundi friji na AC, Sinza, Dar es Salaam". Kisha andika makala kwa kila swali unaloulizwa kwenye simu, kwa maneno ya mteja: "Friji linawaka taa lakini haligandishi", "Gharama ya kujaza gesi ya friji". Mteja hatafuti "huduma bora za upoozaji".

Jisajili Search Console, chombo cha Google kinachoonyesha tovuti yako inavyotokea kwenye utafutaji, ambacho nacho ni bure, uwasilishe ramani ya tovuti yako (sitemap, yaani orodha ya kurasa zake). Baada ya wiki chache fungua ripoti ya utendaji, utazame maneno ambayo tovuti inatokea lakini watu hawabonyezi. Anza na neno linalotokea mara nyingi zaidi: badilisha kichwa cha ukurasa unaotokea kwa neno hilo kijibu swali moja kwa moja, usubiri wiki chache, ndipo uguse lingine.