Mkate ukigoma, ukate kwanza kabla hujautupa

Mkate wangu wa kwanza kuku waliuzunguka mara mbili, wakaenda zao. Ilikuwa Tanga, uani kwetu, jua la mchana, nami nimejifunga aproni mpya kama mpishi wa hoteli. Mama aliubonyeza kwa kidole gumba, kidole kikakataa kuzama, akasema, "Haya mwanangu, leo tunywe chai kavu." Nikautupa. Kuutupa ndiko kulikokuwa kosa kubwa kuliko yote ya siku ile, maana laiti ningeukata katikati na kuutazama, ungenieleza wenyewe ulipokwama.

Ilipita mikate kumi na kitu ndipo nikapata mmoja unaokatika slesi bila kumeguka. Siku hizi naoka ya kuuza mtaani siku tatu kwa wiki, na bado mara mojamoja unaniharibikia. Nitakupitisha hatua zote kwa mfuatano wa kazi. Kila ninapofika mahali ambapo mkate uliwahi kunishinda nitakuonyesha ulivyokuwa ndani, ili ukikata wako ujue urudi kurekebisha wapi.

Andaa hivi:

- unga wa ngano nusu kilo
- maji mililita 300
- hamira kavu kijiko 1 cha chai, kilichosawazishwa
- chumvi kijiko 1 na nusu cha chai
- sukari vijiko 2 vya chakula
- mafuta ya kula vijiko 2 vya chakula

Usipime unga kwa kikombe. Kikombe cha unga ulioshindiliwa na cha unga uliomiminwa hupishana hata gramu 30, na ukipima vikombe vinne tayari umeharibu hesabu. Kama huna mzani, mwenye duka anao: mwambie akupimie nusu. Kwa maji mimi natumia chupa ya mtoto ya kunyonyea, ina mistari ya mililita na bei yake ni ndogo.

Ukiwa na pakiti za unga za kuchagua, geuza usome nyuma palipoandikwa protini. Chukua wenye gramu 11 au zaidi kwa kila gramu 100. Unga laini wa keki utakupa mkate unaosambaa na kuvunjikavunjika hata ukiukanda hadi jioni.

Hatua ya 1: Hakikisha hamira iko hai

Hamira ni kiumbe hai, jamii ya fangasi, na maji yakifika nyuzi 60 hivi inakufa. Mkate wangu wa kwanza niliukanda kwa maji yaliyotoka jikoni, nikidhani yakiwa moto zaidi utaumuka haraka zaidi. Niliipika hamira kabla sijapika mkate.

Chukua robo ya maji yako yakiwa vuguvugu. Dondoshea tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kama unavyopima maziwa ya mtoto. Usisikie moto wala baridi. Tia hamira na chembe za sukari, koroga, funika dakika 10. Ikifanya povu juu, endelea. Ikikaa kimya, mwaga kikombe hicho tu na unga wako utakuwa bado salama. Hapa umeokoa unga na mkaa kwa dakika kumi za kusubiri, lakini watu wengi huruka hatua hii kwa sababu pakiti imeandikwa hamira ya haraka. Pakiti haijui ilikaa dukani juani muda gani.

Chumvi itie kwenye unga mkavu, usiitie kwenye kikombe cha hamira.

*Ukikata ukakuta hivi:* umeshikana toka chini hadi juu, hauna matundu kabisa, mzito kama mhogo uliopoa. Hamira ilikuwa imekufa.

Hatua ya 2: Changanya, acha, ndipo ukande

Hapa ndipo mikono iliyozoea chapati inapotuponza. Tumelelewa hivi: donge likinata, nyunyiza unga. Mkate wangu wa pili, wa tatu na wa nne yote iliharibika hivyo. Nilikuwa naanza na nusu kilo, namaliza na karibu robo tatu, kisha nashangaa kwa nini mkate ni mkavu na unapasuka ubavuni.

Donge la mkate linatakiwa kunata mwanzoni. Changanya unga, sukari, chumvi, maji ya hamira na maji yaliyobaki mpaka usione unga mkavu, halafu funika uondoke dakika 20. Katika muda huo unga unakunywa maji wenyewe bila jasho lako. Ukirudi utakuta donge limetulia, halinati kama mwanzo. Sasa tia mafuta na ukande dakika 10 hadi 12: sukuma kwa kiganja, kunja, geuza, sukuma tena. Vidole vikinata, vipake mafuta kidogo. Unga usiuguse.

Unachotafuta ni gluteni. Protini za ngano zikipata maji na kukandwa hushikana zikawa kama wavu, na wavu huo ndio unaonasa hewa inayotolewa na hamira. Utajuaje kama umekamilika? Mega kipande cha ukubwa wa ndimu, kivute taratibu kwa vidole mpaka kiwe utando. Ukiona kivuli cha vidole kwa upande wa pili kabla hakijachanika, basi. Kikichanika mapema, rudi dakika tatu nyingine.

*Ukikata ukakuta hivi:* matundu madogo yaliyobanana, mkate mkavu, unamwaga chenga kila ukiugusa. Unga ulizidi au kukanda kulipungua. Kama ulipima dukani na hukuongeza kitu, basi ni kukanda.

Hatua ya 3: Kuumuka kwa kwanza, na saa uiweke mbali

Mapishi mengi yanasema saa moja. Saa moja ya wapi? Tanga mwezi wa pili, saa nane mchana, donge langu linakuwa mara mbili kwa dakika 40. Mwezi wa saba nilikwenda kwa dada Njombe, nikataka kujionyesha. Saa mbili zikapita, donge limekaa vilevile kama nililoliacha. Nikaongeza hamira mara mbili siku ya pili. Liliumuka kweli, lakini mkate ukatoka na harufu ya hamira ambayo hata jemu haikuificha. Mahali pa baridi usiongeze hamira, ongeza muda au joto. Weka bakuli ndani ya dishi kubwa lenye mfuniko pamoja na kikombe cha maji ya moto, na maji yakipoa badilisha.

Mwenzangu mmoja wa kazi alinionyesha njia ambayo sijaiacha tangu hapo. Mega kidonge kidogo cha donge, kitie kwenye glasi nyembamba, kishindilie kiwe bapa, kisha chora mstari kwa kalamu usawa wake na mwingine penye kimo mara mbili. Iweke glasi pembeni ya bakuli. Kidonge kikigusa mstari wa juu, donge lote liko tayari. Kwenye bakuli lenye mdomo mpana jicho hudanganywa kirahisi. Kwenye glasi hakuna ubishi.

Hatua ya 4: Kuunda

Toa hewa kwa viganja, litandaze donge liwe mstatili, likunje kwa kubana kila mkunjo, ufunge mshono vizuri na uulaze chini kwenye kopo lililopakwa mafuta. Ukikunja kilegelege utakuta pango kubwa chini ya ganda la juu. Linaliwa, ila mteja ataona umemuuzia hewa.

Hatua ya 5: Kuumuka kwa pili

Mkate wa sita ulinifurahisha kabla ya kunitia aibu. Ulivimba ukapita mdomo wa kopo, nikamwita kila mtu aje auone. Ulipokutana na moto ukanywea katikati, ukatoka na bonde na harufu kama ya pombe. Ulikuwa umekwisha nguvu: hewa ilizidi, wavu wa gluteni ukachoka.

Tumia kidole. Kipake unga kidogo, bonyeza donge kina cha kucha. Likirudi upesi, bado. Likirudi polepole na kuacha alama ndogo, peleka motoni sasa hivi. Lisiporudi kabisa, limepita. Lililopita halitupwi: likande tena kidogo, liunde upya, na safari hii lisimamie maana litakuwa tayari mapema zaidi. Au lisukume bapa, lipake samli, likaangwe kwenye chuma cha chapati. Nyumbani kwetu kuna wanaoomba nikosee makusudi.

*Ukikata ukakuta hivi:* umebonyea juu, matundu makubwa yasiyo na mpango, harufu kali: ulisubiri mno. Umepasuka ubavuni huku chini pamebanana: uliwahi mno.

Hatua ya 6: Moto

Mwenye oveni, washa nyuzi 190 dakika 20 kabla, oka dakika 35 hadi 40, basi. Nitakaa zaidi na wa mkaa, kwa kuwa nilianzia huko na wengi tuko huko.

Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza ndani mchanga mkavu kimo cha kidole, juu ya mchanga panga vijiwe vitatu vya kimo sawa. Kopo la mkate likae juu ya vijiwe, lisiguse mchanga wala ubavu wa sufuria. Badala ya mfuniko wa kawaida funika kwa sinia la chuma, kwa sababu mkaa utakaa juu yake na ukingo wa sinia unazuia majivu yasiingie kwenye mkate.

Kosa langu lilikuwa kuweka moto mkubwa chini, kama napika wali. Mkate ulitoka mweusi chini, mweupe juu, na katikati unga mbichi. Gawa mkaa uliokolea mafungu matatu: moja chini, mawili juu ya sinia. Usiutumie ukiwa bado unatoa moshi, mkate unavuta harufu. Na uoke uani au mahali pa wazi, kwani mkaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, hata ule usiofuka moshi.

Pasha sufuria tupu dakika 15. Kisha tupia kipande cha karatasi nyeupe juu ya vijiwe, funika dakika 5. Kikitoka cheusi, punguza mkaa. Kikiwa bado cheupe, ongeza. Kikiwa na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, weka mkate. Usifunue dakika 20 za mwanzo hata kama harufu inakuita. Kuanzia ya 35 ruhusa kutazama.

Kijiti cha keki hakifai hapa, kinaweza kutoka kikavu wakati mkate bado. Utoe kwenye kopo, ugeuze, ugonge tumboni kwa kifundo cha kidole. Ukilia wazi kama kitu kilicho tupu ndani, umeiva. Ukitoa sauti nzito, urudishe dakika 5. Mwenye kipimajoto cha jikoni achome katikati: nyuzi 93 kwenda juu.

Hatua ya 7: Kaa mbali na kisu

Hatua hii haina kazi yoyote, nayo ndiyo iliyonipotezea wiki mbili. Nilikuwa nakata mkate ukiwa bado unatoa mvuke, nakuta ndani unanata kama ugali laini. Nikaamua haujaiva. Nikaongeza mkaa, kesho yake nikaongeza dakika, keshokutwa nikapunguza maji. Ganda likawa jeusi, ndani bado unanata. Siku moja nikautoa tu, mara hodi, wageni, na mkate ukasahaulika mezani hadi magharibi. Nilipoukata ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kuoka. Mkate ukitoka motoni wanga wake haujatulia na mvuke bado uko ndani. Kisu kikipita kinausaga. Uweke juu ya waya au vijiti vilivyopishana, chini papate hewa, usubiri saa nzima.

Baada ya mkasa huo ndipo nikanunua daftari. Kila mkate una mistari mitano: hali ya hewa, maji, dakika za kuumuka mara zote mbili, dakika za moto, na nilichokuta ndani nilipokata. Sheria ni moja: mkate unaofuata nabadilisha kitu kimoja tu. Wakati ule nilibadilisha vitatu kwa siku tatu, na hata kama mkate ungetengemaa nisingejua kilichouponya.

Mikate itakayokushinda, ukishaikata na kuandika, ianike jua moja, uitwange, uchekeche, utie kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Chenga hizo ndizo ninazozungushia katlesi, na kwa sasa nina chupa mbili zimejaa.