Ladakh kwa begi la mgongoni: hesabu siku kabla ya kuhesabu pesa

Sisi watu wa nyanda za juu tukiambiwa mahali fulani kuna baridi, hatushtuki. Nimezaliwa Tukuyu, nimekulia Uyole, na likizo za Juni nilikuwa naenda kwa shangazi Matamba, ambako asubuhi unakuta sakitu imetanda juu ya majani ya viazi kama chumvi. Kwa hiyo Agosti 2018, nikiwa nasoma famasi Punjab, nilipoamua na rafiki yangu wa Iringa kwenda Ladakh, kaskazini kabisa ya India, sikuiogopa baridi. Na kweli, baridi haikutufanya kitu. Kilichotuangusha ni hewa.

Anza na hesabu hii kabla hujanunua hata soksi. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Rungwe hakifiki mita 3,000. Mji wa Leh, mji mkubwa wa Ladakh, uko karibu mita 3,500. Maana yake stendi yao, soko lao, watoto wao wanaokimbilia shule, wote wako mita 500 na zaidi juu ya kilele cha Rungwe. Ukiamka Leh asubuhi ya kwanza, tayari uko juu kuliko mlima wowote tulio nao huku kusini. Shinikizo la hewa pale ni kama theluthi mbili tu ya lile la Dar es Salaam. Kukulia Uyole hakukusaidii kiasi unachodhani, na ndiyo sababu naandika haya.

Ladakh ni jangwa la baridi, na watu huniuliza jangwa gani hilo lenye theluji. Mfano wake tunao mlangoni. Mawingu ya Ziwa Nyasa yakikutana na milima ya Rungwe na Livingstone hupanda, yakamwaga mvua yote Kyela na Tukuyu. Ukivuka upande wa pili, ukateremka Chimala kuingia bonde la Usangu, unakutana na miiba na vumbi. Ladakh ni Usangu iliyoinuliwa juu kabisa: Himalaya inazuia mvua za monsuni, na Leh hupata kama milimita 100 tu kwa mwaka mzima. Milima ni mitupu, ya rangi ya ugoro, zambarau na kijivu, halafu unaona kijiji kimoja cha kijani pale mfereji wa maji ya theluji ulipopita. Ukavu huo unautia kwenye mipango yako. Midomo hupasuka, pua hutoa damu, jua linakuchoma usoni huku mguu ulio kivulini unauma kwa baridi. Beba mafuta mazito ya kupaka, miwani ya jua ya kweli, na kunywa maji lita tatu hadi nne kwa siku, hata kama huhisi kiu.

Mazoezi fanyia nyumbani, hayana gharama. Kila Juni nachukua vijana wawili watatu, tunapanda gari Uyole kuelekea Tukuyu, tunashuka Isyonje, na kutoka pale tunapanda kwenda Kitulo kwa gari lolote linalokubali, mara nyingi la viazi. Hifadhi ya Kitulo iko kwenye mita 2,600 na kuendelea, na Juni maua yake mengi yameshakwisha, nyasi zimekauka, upepo hauna cha kuuzuia. Watalii wanaoifuata Bustani ya Mungu, kama Kitulo inavyoitwa, hawaji mwezi huo. Mimi naupenda kwa sababu unafundisha. Tembea siku nzima na begi la kilo tisa, lala usiku mbili, uone ni nguo ipi unavaa kweli na ipi uliibeba bure. Asubuhi ya pili toa nje theluthi ya mzigo. Hakuna kijana niliyekwenda naye ambaye hakutoa.

Nguo zote utazipata kwenye mitumba ya soko la Mwanjelwa, Mbeya. Usikubali kuambiwa ununue vifaa vipya vya watu wa milima. Kitu kimoja tu ndicho cha kukitafuta kwa subira, nacho ni jaketi lililojazwa manyoya ya bata. Nenda siku wanayofungua marobota, asubuhi. Likunje jaketi ngumi mbili, libane kwa nguvu mpaka uhesabu kumi, kisha liachie. Likifumuka lenyewe kama unga uliotiwa hamira, liko hai. Likibaki limesinyaa, manyoya yamekufa kwa kufuliwa vibaya, hata liwe na nembo gani. Linyanyue pia juani: ukiona mwanga unapita sehemu nyingi, manyoya yameshuka yote chini. Langu nililinunua elfu kumi na tano na bado ninalo. Ongeza sweta la sufu, suruali nyepesi mbili, fulana na suruali za kubana za kuvaa ndani, glavu, mzula wa kufunika masikio, na koti jembamba la kuzuia upepo. Viatu, usibahatishe na vya mtumba vyenye soli iliyokauka. Mimi nilivaa buti nilizokuwa nimeshatembea nazo miezi sita. Begi la kulalia huhitaji ukilala kwenye nyumba za wenyeji, wana mablanketi mazito. Mpe fundi vitenge viwili akushonee mfuko wa kuingia ndani yake. Ni mwepesi na unafulika.

Makaratasi ni machache. Viza ya utalii ya India unaiomba mtandaoni. Kadi ya njano ya chanjo usiisahau, India ni wakali sana kwa homa ya manjano. Ukifika Leh, kumbuka kwamba maeneo ya karibu na mipaka, kama Nubra na Ziwa Pangong, mgeni anahitaji kibali maalumu kinachoombwa kupitia wakala aliyesajiliwa pale mjini, na kwa kawaida hutolewa kwa watu kuanzia wawili. Bonde la Markha halihitaji kibali hicho, nalo ndilo nakushauri ulifuate kama pesa ni ya kuhesabu. Jambo jingine: laini ya simu ya kulipia kabla uliyosajili kwingine India haifanyi kazi Ladakh. Waage watu wa nyumbani mapema wasije wakahangaika. Na pesa taslimu toa Leh, kwa kuwa bondeni hakuna mashine.

Sasa njia ya kufika, ambayo ndiyo kosa letu lilipotokea.

Kuna ndege kutoka Delhi, saa moja na nusu hivi, inayokutoa kwenye mita 200 na kukuweka mita 3,500. Ukiitumia, siku mbili kamili za kwanza ni za kulala, kunywa maji na kutembea taratibu hadi dukani, basi. Sisi tulichagua barabara ya Manali kwa sababu ni rahisi kwa mfuko na tuliona kwamba kupanda polepole kungetuzoesha. Wazo lilikuwa sahihi, utekelezaji ndio uliotuumiza. Tulichanga na wengine gari la siku mbili. Manali iko mita 2,050. Jioni ya siku ile ile dereva akatulaza kwenye mahema Sarchu, karibu mita 4,300. Tulikuwa tumepanda zaidi ya mita 2,200 kwa siku moja.

Saa nne usiku kichwa changu kilikuwa kinagonga kama mtu anatwanga ndani. Rafiki yangu alitapika mara tano, kisha akaanza kuhema hata akiwa amelala. Nilikuwa nimesoma kwamba dawa ya kwanza ya ugonjwa wa mwinuko ni kuteremka. Nikatoka nje ya hema na tochi, nikamuuliza dereva tuteremke wapi. Akanionyesha nyuma: Baralacha La, karibu mita 4,900. Akanionyesha mbele: Tanglang La, zaidi ya mita 5,300. "La" kwa lugha yao ni pale njia inapovuka mgongo wa mlima. Sarchu umelala kwenye sahani yenye kingo ndefu pande zote. Huwezi kuteremka bila kwanza kupanda. Tulikaa tumeegemeana hadi alfajiri, nikimhesabia pumzi. Tulipofika Leh alilazwa usiku mmoja akiwa kwenye oksijeni. Alipona, nashukuru Mungu. Lakini zile pesa tulizookoa kwa kuchagua gari la haraka zililipa hospitali na siku nne za gesti.

Kwa hiyo fanya hivi. Panda basi la serikali ya jimbo la Himachal, ambalo majira ya joto huenda Leh kupitia Keylong. Keylong iko karibu mita 3,080. Shuka pale, lala usiku mbili, si mmoja. Siku ya tatu basi linaondoka kabla ya kupambazuka, linavuka hayo majuu yote mchana, na usiku unalala Leh kwenye 3,500. Utasikia kichwa kizito kule juu, lakini utapita tu. Kinachohesabiwa ni pale unapolala. Ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Siku hizi kuna handaki la Atal, lililofunguliwa Oktoba 2020, lenye urefu wa kilometa 9, na limeondoa ule mpando wa Rohtang, baada ya Manali, uliotuchosha sisi. Ukiambiwa na dereva kwamba mtalala Sarchu, usipande gari hilo, hata kama ni nusu bei.

Kama mfamasia niseme na hili. Ipo dawa ya asetazolamaidi. Kiasi cha kawaida cha kujikinga ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Utakojoa sana na vidole vitawasha kama vimekufa ganzi. Ni kawaida yake. Onana na daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa zinakudhuru. Mwenye selimundu asiende kabisa, na aliyerithi kinasaba kimoja tu aongee na daktari, kwa kuwa hewa haba inaweza kumletea shida hata kama huku chini haumwi kitu. Kwetu watu hao ni wengi na wengi hawajapima. Pima. Na njiani, ukimwona mwenzako anayumba kama mlevi, anachanganya maneno, au anahema na kukohoa akiwa amekaa, usimpe panadoli ukasubiri asubuhi. Mteremshe saa hiyo hiyo.

Baada ya usiku tatu au nne Leh, chukua gari la kuchangia hadi Chilling na uingie Markha kwa miguu. Usiku wa kwanza Skiu, wa pili Markha kwenyewe, wa tatu Hankar karibu mita 4,000. Kutoka hapo kituo kinachofuata ni Nimaling, malisho yaliyo karibu mita 4,800, na kila mtu atakuambia uendelee kesho yake. Mpando huo unapita zile mita 500 nilizotaja, kwa hiyo wewe baki Hankar usiku wa pili. Panda mchana kuelekea juu, rudi kulala. Siku hiyo ndiyo bora kuliko zote nilizokaa Ladakh.

Nilipanga nyumba ya mama mmoja mwenye nywele za mvi zilizosukwa mikia miwili. Nililipa rupia 1,200 kwa usiku, na humo kulikuwa na chakula cha jioni, kifungua kinywa na cha kufungiwa njiani. Jikoni ndiyo sebule. Katikati kuna jiko la chuma, linalolishwa kinyesi kikavu cha ng'ombe, maana miti hakuna. Ukutani masufuria ya shaba yamepangwa kwa ukubwa, yamesuguliwa yanang'aa, na nikamkumbuka bibi yangu wa Tukuyu ambaye naye hakuvumilia sufuria lenye masizi. Alinimiminia chai ya siagi na chumvi. Nikinywa funda moja, anajaza. Nikiinamisha kikombe, anajaza. Ukitosheka, kiache kimejaa mpaka wakati wa kuondoka, hapo ndipo ukinywe. Neno la kulijua ni "julle". Ni salamu, ni asante, ni kwaheri. Lishike kama mgeni Rungwe anavyoshika "ndaga", asante ya Kinyakyusa. Choo chao ni shimo la ghorofani: ukimaliza unarushia udongo na koleo, na baadaye inakuwa mbolea ya shayiri. Usitupe plastiki humo, itaishia shambani kwao. Maji ya kunywa omba yaliyochemshwa, ujaze chupa usiku. Ukiiweka ndani ya kile kitenge inakupasha miguu hadi asubuhi.

Nimaling kuna mahema ya kukodi, na hata Agosti usiku maji huganda pembeni mwa kijito. Lala na betri ya simu mfukoni, vinginevyo utaamka imekufa. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri kuvuka Kongmaru La, zaidi ya mita 5,200. Hatua kumi, pumzi tatu, hatua kumi. Msishindane. Juu utakuta vitambaa vya maombi vya rangi tano vinapigwa na upepo. Msikae zaidi ya dakika kumi na tano, maana mteremko wa upande wa pili ni mrefu na magoti yamechoka. Korongoni mtavuka kijito mara nyingi, na mchana theluji ya juu inapoyeyuka maji hupanda, kwa hiyo ni vizuri mkalivuka kabla ya adhuhuri. Mkifika Shang Sumdo, ulizeni gari la kuchangia la kurudi Leh mara moja kabla ya kukaa kula. Yakishaondoka ya mchana, mtalala pale.